Hamsini ya majirani na hamsini yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni dereva mstaafu. Nilishika usukani wa matatu mwaka 1989, njia nambari 58 ya Buruburu, baadaye nikahamia barabara ya Mombasa nikibeba abiria wa miji ya Emali na Wote, hadi 2016 nilipomwachia kijana wangu gari. Agosti iliyopita nilirudi kwenye usukani kwa siku 19, na nililoliona huko nje limeninyima raha tangu niliporudi.

Binti ya marehemu kaka yangu aliolewa Lusaka, Zambia. Tulikuwa watu 11 wa kumsindikiza, na nauli ya ndege ya watu 11 ingemaliza pesa zote za arusi. Tukaamua kwenda kwa gari letu, Toyota HiAce ya viti 14, ambalo hapa Nairobi kila mtu ataliita Nissan hata ukimwonyesha nembo. Tuliendesha kwa zamu, mimi na kijana wangu. Tulipitia Namanga, Arusha, Babati, Dodoma, Iringa, Mbeya na Tunduma, tukaingia Zambia. Kurudi tukazungukia Malawi. Tulipofika nyumbani mita ya gari ilionyesha kilomita 5,300 na ushei.

Habari za mipakani sitazirefusha. Nitasema tu kwamba anayetaka kufunga safari kama hii ajue kuna kadi mbili za njano na hazifanyi kazi moja. Moja ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo hata Tanzania huikubali ingawa si mwanachama wa COMESA. Ya pili ni ya chanjo ya homa ya manjano. Dada yangu mkubwa alikuwa amepakia yake chini kabisa ya sanduku la vitenge, na kule Nakonde, mpakani upande wa Zambia, tulipakua gari zima juani kwa ajili ya kijikaratasi hicho. Pia ukivuka kutoka Tunduma kwenda Nakonde saa inarudi nyuma kwa saa moja, na tangu hapo saa husemwa kwa Kizungu: mtu akikuambia saa mbili hamaanishi asubuhi baada ya chai, anamaanisha saa nane ya mchana. Tulimkosa mwenyeji wetu mara moja kwa sababu hiyo.

Nililoliandikia barua hii lilianza mapema, siku ya pili tu.

Kutoka Babati kwenda Dodoma kupitia Kondoa kuna lami nzuri. Zamani ilikuwa njia ya vumbi, madereva wa malori waliniambia, na lami hiyo ilizinduliwa 2018. Barabara imenyooka, magari ni machache, na gari langu bado lina spidi gavana ya 80 tangu enzi za matatu. Sikuwa na haraka. Lakini kila baada ya kilomita chache kuna kibao cha duara chenye 50, halafu nyumba, duka, shule, halafu kibao kingine cha kusema 50 imekwisha. Basi kubwa lililokuwa mbele yetu, lililojaa watu hadi mlangoni, lilipunguza mwendo kila kijiji. Kila kijiji, Mhariri! Lori la mafuta lilifanya vivyo hivyo. Nikamwambia kijana wangu, hawa wanaogopa tochi. Yaani kile kifaa cha polisi cha kupima mwendo. Na kweli madereva wa upande wa pili walikuwa wakituwashia taa kutuonya kwamba mbele kuna tochi.

Kusini mwa Kondoa ilinikamata mimi. Askari wa kike, kijana, umri wa binti yangu wa mwisho, alitoka chini ya mwembe akanisimamisha. Akaja dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, afande."

"Baba, umepita pale shuleni na hamsini na nane."

Akanionyesha picha kwenye simu, aliyotumiwa na mwenzake tuliyempita bila kumwona. Gari letu, namba yetu ya Kenya, na tarakimu 58. Nikajitetea kama nilivyozoea kujitetea miaka 27. Nikamwambia afande, nane ni kitu gani, na barabara ilikuwa nyeupe, hakukuwa na mtu. Hakukasirika. Aliinama kidogo ili hata waliokaa nyuma wamsikie, akasema: "Watoto wa pale hawana tochi, baba. Wao wanachojua ni kwamba gari likifika hapa linakuja polepole. Ndiyo maana wanavuka."

Nilitozwa shilingi 30,000 za Tanzania. Aliniandikia namba ya malipo, nikalipa kwa wakala wa simu dukani, akaikagua risiti, akatutakia safari njema. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka karibu na Chemba. Ndipo dada yangu akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Na wetu wanajua nini?"

Swali hilo lilinirudisha Sultan Hamud, kituo cha biashara cha barabara ya Mombasa, mwaka 1997.

Sijawahi kulieleza gazetini, wala kanisani sijalisimulia lote. Nilikuwa natoka Emali alasiri na abiria 18, kwa sababu siku hizo tulibeba tulivyotaka, nikiwa katika mwendo wa kama 90. Kijana wa maziwa alitokea kati ya vibanda akiwa juu ya baiskeli, mitungi miwili nyuma. Kwa mwendo wa 90 gari hula mita 25 kwa sekunde moja. Mguu wangu ulipofika kwenye breki tayari nilikuwa nimemfikia. Hakufa, namshukuru Mungu kila siku, lakini mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili na haukunyooka tena. Nilishtakiwa, nikatozwa faini, nikarudi kazini wiki hiyo hiyo. Nakumbuka maziwa yalivyotiririka juu ya lami mbele ya gari, na mbwa aliyekuja kuyalamba watu wakiwa bado wanapiga kelele. Kwa miaka mingi nilijiambia kijana yule hakutazama. Siku ile karibu na Chemba nilielewa kwamba alitazama. Alitazama, akaona gari liko mbali, akadhani gari linaloingia sokoni litapunguza mwendo.

Wasomaji wengine watasema Tanzania wana mitego ya polisi na hapa tuna uhuru. Wengine watasema sheria zao ni kali. Mhariri, sheria ni ile ile! Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 42, inakataza gari lolote kuzidi kilomita 50 kwa saa ndani ya kituo cha biashara, mji au jiji. Kifungu hicho nilikikariri nilipotafuta leseni, nikakisahau siku nilipoipata. Nimeendesha nje ya Nairobi zaidi ya miaka kumi na mitano, na sijawahi kusimamishwa kwa kupita Salama au Sultan Hamud na 80. Tulisimamishwa kwa mambo mengine, ambayo wasomaji wako wanayajua.

Wala sisemi huko lilikopita gari letu ni peponi. Kabla ya Mbeya tulipita mabaki ya basi na lori yaliyogongana, viti viko mtaroni, na siku hiyo hatukula hadi usiku. Watu wanakufa barabarani kwao pia. Ninachosema ni kuhusu kijiji. Mtu amekaa nyumbani kwake, au ametandika nyanya zake mahali mama yake alipotandika, na barabara imemkuta pale. Yeye hasafiri. Sisi wasafiri ndio tunaopita uwanjani kwake.

Zambia ni habari nyingine, na nikiri sehemu kubwa ya njia yao ya kaskazini mashimo ndiyo yaliyotupunguzia mwendo, si vibao. Kutoka Chinsali hadi Serenje kuna mahali malori yanatambaa kama vinyonga, kila moja likitafuta upande wake, na kuanzia Mpika reli ya TAZARA hukusindikiza, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini jioni moja tulikuta matawi mabichi yamelazwa kwenye lami, rundo baada ya rundo, kama hatua hamsini hivi kati ya moja na jingine. Nikakanyaga breki taratibu. Baada ya kona, lori la shaba limevunjika ekseli katikati ya njia, limezimika taa, na dereva wake amekaa kando anaota moto. Alikuwa na pembetatu mbili nyekundu kama sheria yao inavyotaka, lakini alikuwa ametembea nyuma na panga lake akaongeza matawi mpaka mbali kabisa, kwa ajili yetu asiotujua. Alikuwa Mtanzania wa Makambako. Tulimwachia mkate na maji. Aliniambia ni siku yake ya tatu pale, na kwamba kila baada ya saa chache hukata matawi mapya kwa sababu makavu hayaonekani usiku.

Usiku huo tulilala Serenje. Zambia wamepiga marufuku magari ya abiria kusafiri kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, tangu 2016. Sisi hatukuwa gari la abiria la kulipiwa, hakuna ambaye angetuzuia, lakini baada ya lori lile mimi sikutaka giza.

Arusi ilikuwa nzuri, na ingestahili barua yake. Mashangazi wa bwana arusi walitupokea kwa kuchuchumaa na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kama vikombe, na dada yangu ambaye nimemjua miaka 60 nikamwona analia kwa mara ya pili maishani. Kilichonifurahisha zaidi ni maneno. Kwao maji ni madzi, mtu ni munthu, kuku ni nkhuku, nyumba ni nyumba. Mzee mmoja aliponiona nabeba sufuria moto kwa haraka alinishika mkono akasema "pang'ono pang'ono", yaani polepole, na sikuhitaji mkalimani.

Neno hilo nililisikia tena Malawi, maana kule barabara ni ya watu wa miguu na baiskeli. Kutoka Lilongwe kwenda Mzuzu sidhani tulimaliza kilomita tano bila baiskeli: mtu na kuni, mtu na nguruwe aliyefungwa, mtu na mke wake mjamzito amekaa nyuma kwa heshima kama yuko kwenye kiti cha ofisini. Barabara ni nyembamba, na lami imeliwa kingoni. Kijana wangu ndiye aliyekuwa akiendesha, na niliona anafanya kitu ambacho sikumfundisha. Kila akiona baiskeli mbele na gari linakuja, aliondoa mguu kwenye mafuta akasubiri nyuma ya baiskeli mpaka gari lile lipite. Hakupiga honi. Huyu ndiye kijana ambaye hapa nyumbani barabara ya Jogoo hupita bodaboda kwa upana wa kidole. Nilimuuliza. Akasema, "Baba, hapa kila mtu anafanya hivyo, nikipiga honi nitaonekana mshamba."

Hapo ndipo nilipolipata jibu nililokuwa nikilitafuta tangu Kondoa. Hofu ya tochi ndiyo iliyotufunza siku ya pili. Kufikia siku ya kumi na mbili hapakuwa na tochi wala askari, na bado tulikuwa tunakwenda 50 penye nyumba, kwa sababu ya aibu. Hapa kwetu aibu iko upande wa pili. Anayepunguza mwendo sokoni ndiye anayepigiwa honi na kutukanwa, na abiria wenyewe humwambia dereva, "Mzee, umebeba mayai?"

Nilipiga hesabu moja nikiwa Karonga, kwenye kitabu cha mafuta. Chukua kituo cha biashara chenye urefu wa kilomita mbili. Ukikipita kwa 90 unatumia sekunde 80. Ukikipita kwa 50 unatumia sekunde 144. Tofauti ni dakika moja na sekunde nne. Kutoka Nairobi hadi Emali mimi huhesabu vituo sita: Mlolongo, Athi River, Kyumvi, Salama, Sultan Hamud na Emali yenyewe. Hata tukivipa vyote urefu huo, dereva anayetii sheria atachelewa dakika sita na nusu hivi. Nikimkumbuka kijana wa maziwa, hizo ndizo dakika nilizokuwa nakimbizana nazo.

Hakuna haja ya kuwakumbusha wasomaji Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowaingilia watu kando ya barabara wakiuza na kununua, na zaidi ya 50 wakafa. Tulilia, tukachanga, viongozi wakaja. Najua lori likishapoteza breki mteremkoni halisomi kibao. Lakini ni kando ya barabara zipi kuu za nchi hii ambapo mama wa mboga anaweza kusema magari yakifika hapa yanakuja polepole? Mimi simjui hata mmoja.

Naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wanaosimamia barabara: wekeni kibao cha 50 mwanzo wa kila kituo cha biashara na kibao cha kusema imekwisha mwisho wake, na maneno yawe ya Kiswahili, kama majirani walivyoandika "Punguza mwendo". Dereva anaheshimu kizuizi anachojua kitaisha wapi. Matuta tuliyojazwa hayatoshi, kwa sababu matatu hulipanda tuta kwa 20 na hatua mia mbele liko 90 tena, bado sokoni. La pili ni kwa wenzangu wa steji, na hili nalisema nikijua nilivyokuwa. Nilikuwapo Februari 2004 kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza. Watu walitembea kwa miguu kutoka Buruburu hadi mjini, na sisi tuliapa kwamba mikanda na abiria 14 haviwezekani. Wiki chache baadaye kondakta wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia abiria wafunge mikanda, kwa ukali, kama mwalimu.

Tulirudi kupitia Tukuyu, gari limejaa ndizi na maparachichi, na siku ya kumi na tisa saa nane mchana tukavuka Namanga. Nilichukua usukani mwenyewe. Bissil nilipita na 50. Kajiado nikapita na 50. Walionipita ndani ya mji, dada yangu aliwahesabu kwa sauti, walikuwa 11, na wa mwisho lilikuwa basi la shule.

Isinya kulikuwa na mama mzee kando ya barabara, shuka nyekundu, mtungi wa maji wa lita 20 mgongoni. Alikuwa anataka kuvuka. Nilitazama nyuma, nikawasha taa za dharura zote, nikapunguza, nikasimama kabisa mbele yake. Hakuvuka. Alinitazama, akarudi hatua moja nyuma, akanipungia mkono nipite. Nikamwonyesha kwa mkono, pita, mama. Akanipungia tena, kwa haraka sasa, kama mtu anayefukuza kitu. Lori la nyuma yetu likaanza kupiga honi. Nilizima injini, nikachomoa ufunguo, nikautoa nje ya dirisha ili auone.

Ndipo akavuka.

Dereva mstaafu,
Umoja, Nairobi